Kishika uchumba kilitangulia ushauri: kisa cha familia moja na pagale la pembezoni mwa Arusha

Kisa hiki kinatoka kwenye dawati dogo la ushauri wa makazi linalohudumia wanachama wa SACCOS moja ya wafanyabiashara wadogo jijini Arusha. Familia imeridhia kisimuliwe. Majina hayatajwi, mtaa wa kiwanja umefichwa, na tarakimu za fedha zimesogezwa kidogo bila kuharibu uwiano wake. Nimekiandika kwa ajili ya washauri wenzangu, viongozi wa vikoba (vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana), na yeyote anayeombwa ushauri na ndugu anayetaka kununua kwake, kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo elimu yetu humkuta mnunuzi: akiwa ameshatoa hela.

## Familia na hesabu zao

Mama anauza mboga na nyanya soko la Kilombero. Mume ni mlinzi wa zamu ya usiku. Wana watoto watatu, wawili shule ya msingi na mmoja kidato cha pili. Walikuwa wamepanga vyumba viwili upande wa Unga Limited kwa shilingi 80,000 kwa mwezi, wakilipa miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba alikuwa ameshawadokeza kwamba mwakani kodi itapanda. Hilo ndilo lililowasukuma kutafuta pao.

Faida ya mama kwa mwezi mzuri inafika 350,000. Januari, au barabara za mashambani zinapokatika kwa mvua, haifiki 200,000. Tulikubaliana kuhesabu 280,000. Mume, baada ya makato, anabaki na 220,000. Jumla 500,000. Akiba yao SACCOS ilikuwa milioni 1.5. Kwenye kikoba walitegemea kama milioni 2.1 kikundi kikivunja mzunguko, yaani kugawana akiba, Desemba, na kwenye simu kulikuwa na milioni 1.1. Hawakuwa na deni hata la duka.

Nasisitiza hilo la mwisho. Wapo wanaodhani kwamba wanaoumizwa kwenye ununuzi wa viwanja ni watu wazembe. Hawa walikuwa wamejipanga kuliko familia nyingi tunazozipokea.

## Lililotokea

Mama alifika mwezi wa tano, masika yakiishia, mara baada ya darasa letu la Jumamosi. Swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, mkopo upi una riba nafuu, nimalizie nyumba?"

Nyumba yenyewe ilikuwa pagale la vyumba viwili na sebule, limefika usawa wa linta, halijapauliwa, kwenye eneo la pembezoni ambalo halijapimwa. Bei milioni 9.5. Dalali alikuwa mtu wa kwao na mume, wanasali pamoja, na mama akimwita shemeji. Alikuwa amewaambia kuna mteja kutoka Dar es Salaam anakuja mwisho wa wiki, basi wakatoa kishika uchumba cha 500,000, yaani malipo ya awali ya kuishikilia nyumba, siku ileile. Masharti yaliyobaki: milioni 6 ndani ya siku 30, na milioni 3 ndani ya miezi sita.

Mama alitoa risiti kwenye mkoba. Ulikuwa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la mistari, umeandikwa kwa peni ya bluu: "Nimepokea laki tano za kishika uchumba cha nyumba." Chini yake saini mbili, ya dalali na ya mama. Saini ya muuzaji haikuwepo. Jina lake pia halikuwepo, wala jina la mtaa, wala ukubwa wa eneo. Laki tano zilikuwa zimelipwa kwa ajili ya "nyumba", na karatasi haikusema ni nyumba ipi.

Hatukumwambia aache. Mtu aliyekwisha kutoa laki tano ukimwambia "achana nayo" siku ya kwanza, anasikia kwamba umemwita mjinga, na jioni hiyohiyo dalali ndiye atakayebaki rafiki yake pekee. Tulimwomba mambo matatu: alete karatasi za muuzaji, aje na mume wake, na asitoe shilingi nyingine kabla hatujaenda wote eneo la tukio.

Karatasi zilikuja kwa picha za simu. Ya kwanza ilikuwa mkataba wa mwaka 2006 ambao baba wa muuzaji alinunulia eneo, una muhuri wa kijiji, kwani wakati huo pale palikuwa kijiji na sasa ni mtaa. Baba ameshafariki. Ya pili ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo, umesainiwa na baba wadogo watatu, unasema eneo hilo amepewa muuzaji. Watoto wa marehemu ni wanne. Mjane yupo hai, na jina lake halikuwa kwenye muhtasari.

Eneo la tukio ndilo lililofundisha kuliko darasa. Mkataba ulisema "hatua 20 kwa 20", na familia ilikuwa imejiwekea kichwani mita 20 kwa 20. Tulivuta tepu kutoka kwenye mchongoma hadi kwenye kona ya ukuta wa jirani: mita 17 upande mmoja, 16 upande wa pili. Mita za mraba 400 walizozifikiria zikawa 272. Mama alishika ncha ya tepu mwenyewe na kusoma namba kwa sauti, kisha akaomba turudie. Tukarudia. Hakuna aliyewadanganya, alizipiga hatua mtu fulani miaka karibu ishirini iliyopita kwa miguu yake, na hatua zake ndizo zilizouzwa.

Nyuma ya eneo kuna korongo. Lilikuwa kavu, watoto wanapita humo kwenda shule. Mama alisogea kwa jirani aliyekuwa anafua, wakasalimiana, wakaongea mambo ya soko, halafu akamuuliza masika yalikuwaje. Yule jirani hakujibu kwa maneno mengi. Aliuonyesha ukuta wa choo chake, alama ya tope ikiwa juu kidogo ya goti. Watu wa Arusha hawahitaji kuelezwa korongo linaweza kufanya nini. Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji kwenye korongo hapahapa mjini na watoto wakapoteza maisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mtu anaweza kubishana kama korongo la msimu ni mto, lakini familia yenye watoto watatu haina sababu ya kununua ubishi huo.

Mume hakuja ofisini. Alituma salamu kwamba mke wake asipotoshwe na watu wa makaratasi. Ilibidi kumfuata nyumbani, jioni, kabla hajaingia zamu. "Huyu ni ndugu yangu, hawezi kuniuzia kesi," alisema, na alikuwa anamaanisha. Hatukubishana naye kuhusu ndugu yake. Tulimsomea muhtasari wa ukoo, polepole, na kumuuliza yuko wapi mjane wa marehemu. Alikaa kimya kitambo, kisha akaanza kusimulia shamba la kwao ambalo kaka yake mkubwa aliuza kipande bila kuwashirikisha dada zao, na shauri ambalo bado halijaisha. Alijisimulia mwenyewe mpaka mwisho. Baada ya hapo alivuta kiti karibu na meza.

## Uamuzi na sababu zake

Kwenye meza kulikuwa na mambo mawili: mirathi na hesabu. Tulianza na hesabu kwa sababu ndiyo waliyoijia.

SACCOS yao inakopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo kikomo chao kilikuwa milioni 4.5, na akiba ya milioni 1.5 ingezuiwa kama dhamana mpaka deni liishe. Riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya deni linalobaki. Kwa miezi 24, rejesho ni kama 225,000 kila mwezi. Mama alikuwa ameshapata mkopeshaji mwingine wa "asilimia 1.5 hiyohiyo" na alidhani ni sawa. Huyo anahesabu riba juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo rejesho ni 255,000. Tofauti ya 30,000 kwa mwezi, kwa miezi 24, ni zaidi ya laki saba. Tulimpa kalamu apige mwenyewe.

Lakini hata mkopo ule wa nafuu haukutosha. Milioni 6 za mwezi wa kwanza zingetoka wapi? Kwenye simu zilibaki 600,000, SACCOS ingetoa milioni 4.5, na 900,000 mama alipanga kuzichukua kwa kausha damu: chukua laki, rudisha laki na thelathini elfu mwisho wa mwezi. Kwa laki tisa, riba peke yake ni 270,000 kila mwezi. Sasa toa kwenye 500,000 rejesho la 225,000, toa kodi ya 80,000, inabaki 195,000. Haifiki hata riba ya kausha damu, na watu watano hawajala.

Hapo ndipo mume alipouliza kwa nini kodi bado ipo kwenye hesabu. Jibu ni kwamba pagale halina paa. Kodi haikomi siku ya kununua, inakoma siku ya kuhamia, na kati ya siku hizo mbili kuna mbao, mabati, milango, choo na fundi. Kati ya yote tuliyoandika kwenye karatasi ile, nadhani mstari huo mmoja wa kodi ndio uliobadilisha mawazo yao.

Mirathi ilihitaji maelezo machache zaidi. Muhtasari wa ukoo ni hatua ya kwenda mahakamani, haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa Mahakama ya Mwanzo uteuzi wake huonekana kwenye Fomu Namba IV. Mnunuzi aombe pia kuona Fomu Namba V, orodha ya mali za marehemu, ahakikishe kiwanja kimo. Muuzaji hakuwa na lolote kati ya hayo. Madai ya ardhi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 12, na mjane na watoto wengine watatu walikuwa wazima wa afya. Vilevile muuzaji ana mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinalinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa ya mwenzi, na ingawa pagale si nyumba wanayoishi, saini ya mke haigharimu kitu na huzuia mengi.

Njia zilikuwa tatu: kuendelea kama dalali alivyotaka, kuachana na pagale moja kwa moja, au kuendelea kwa sharti. Familia ilichagua sharti, na ilikuwa sawa kuchagua hivyo, kwa sababu iliwapa nafasi ya kutoka bila kumvunjia heshima mtu wa kwao. Waliandika barua fupi: tupo tayari kununua, bei izungumzwe upya kwa ukubwa halisi wa mita 17 kwa 16, na malipo yafanyike mbele ya wakili mara muuzaji atakapoleta Fomu Namba IV na saini ya mjane. Mume ndiye aliyeipeleka.

## Matokeo

Muuzaji alikataa. Alisema wenzake watamcheka akienda mahakamani kwa kiwanja cha baba yake. Dalali naye aliacha kupokea simu kwa muda.

Kudai kishika uchumba kulichukua miezi. Mwenyekiti wa mtaa aliwakalisha pande zote, kisha shauri likapelekwa Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu na halitoi hukumu. Dalali alikubali kurudisha 300,000, kwa mafungu mawili ya simu. Laki mbili alizihesabu kuwa ni usumbufu wake. Familia iliamua kutolifuatilia zaidi.

Januari, baada ya kikoba kuvunja mzunguko, walinunua kiwanja kilichopimwa cha mita 15 kwa 20, mbali zaidi na mji, kwa milioni 4.8. Hati ilikuwa kwa jina la muuzaji mwenyewe, aliye hai, na mke wake akasaini. Upekuzi wa hati ulifanyika ofisi ya ardhi kabla ya senti kutoka, mawe ya mipaka yakaonwa, na fedha zikapita benki. Chanzo chake: milioni 2.1 za kikoba, laki tisa za kwenye simu pamoja na zile zilizorejeshwa, na mkopo wa SACCOS wa milioni 2.4 kwa miezi 24, rejesho la kama 120,000. Laki sita zilizobaki zilitengwa kwa wakili, ushuru wa stempu wa asilimia 1 na ada za uhamisho. Mkataba ulitaja waziwazi kwamba kodi ya TRA kwenye faida ya mauzo ni ya muuzaji, maana uhamisho hukwama pale asipolipa. Majina ya wanunuzi ni mawili, mume na mke.

Hawajajenga. Kuna lori moja la mawe na shimo la choo lililoanzwa. Wanaendelea kupanga, na kodi imepanda kweli.

Na pagale? Limenunuliwa na mtu mwingine, limeezekwa, lina mapazia madirishani. Sijasikia kesi yoyote.

## Uchambuzi

Nianze na hilo la mapazia, kwa sababu mume ameliuliza zaidi ya mara moja na ana haki ya kuuliza. Mshauri hatabiri. Wengi hununua kwa muhtasari wa ukoo na wanaishi kwa amani miaka yote. Ndiyo maana mtindo huo haufi. Tulichoweza kusema kwa uhakika ni hesabu: kwa kipato chao, kwa masharti yale, wangeingia kwenye kausha damu ndani ya siku 30 hata kama mjane na watoto wote wangesaini. Mshauri anayejenga hoja yake yote juu ya hofu ya kesi, kesi isipotokea atapoteza imani ya watu. Hesabu inabaki palepale.

Kilichosaidia zaidi ni tepu, jirani na kalamu. Mama alikuwa ameshakaa darasani na kusikia habari za mirathi na mipaka, lakini alisikia kama habari za watu wengine. Alipousoma mwenyewe upungufu wa mita tatu na mita nne, hakuhitaji mtu wa kumshawishi. Kumfuata mume nyumbani nako kulilipa. Darasa la Jumamosi mchana halimfai mlinzi anayetoka zamu asubuhi na kulala mchana, na darasa linalohudhuriwa na mwenzi mmoja humrudisha nyumbani akiwa na maarifa yasiyo na mshirika. Karibu tumtume mama vitani peke yake dhidi ya mume, shemeji na kanisa.

Barua ya sharti nayo ilifanya kazi ambayo neno "hapana" lisingeifanya. Kwa watu wa kipato hiki, dalali ni ndugu, jirani au muumini mwenzao, na watakutana naye msibani na harusini. Ushauri usiowaachia njia ya kutoka kwa heshima hauwezi kufuatwa, hata uwe sahihi kiasi gani.

Kilichokwama ni muda. Marekani, ambako serikali imekuwa ikiunga mkono ushauri kwa wanunuzi wa nyumba tangu sheria ya makazi ya 1968, mkopeshaji ndiye anayesimama mlangoni: baadhi ya mikopo na misaada ya malipo ya awali haitolewi mpaka mnunuzi amalize darasa. Huko elimu ina mlango wa kusimamia. Kwetu, familia ya mboga na ulinzi hainunui kwa mkopo wa nyumba wa benki. Benki inataka hati na kipato kinachothibitika, na pagale lisilopimwa halina cha kuweka rehani. Inanunua kwa akiba, kikoba na mafungu. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukutana na mnunuzi ni dalali, na kitendo cha kwanza ni kishika uchumba. Sisi tulikuwa tumeliweka dawati karibu na mkopo, yaani hatua ya tatu au ya nne. Laki mbili zilizopotea ni gharama ya nafasi hiyo.

Umbali pia haukupewa uzito uliostahili kwenye hesabu ya kiwanja cha pili. Mama anatakiwa awe Kilombero saa kumi na moja alfajiri kupokea mzigo. Kutoka huko waliponunua ni daladala mbili, na saa hiyo hazipo. Bodaboda kila siku italila rejesho zima. Wakijenga, ama mama abadilishe biashara ama wapangishe nyumba yao na kuendelea kupanga mjini. Familia imeanza kufikiria hilo la pili, na si wazo baya, lakini lilipaswa kuwa kwenye karatasi kabla ya Januari.

Tangu wakati huo SACCOS imekubali fomu ya kuomba mkopo wa kiwanja iwe na ukurasa wa kwanza wenye maswali matano: nani anauza na ameipataje ardhi, mke au mume wake yuko wapi, eneo ni mita ngapi kwa tepu, maji ya masika yanapita wapi, na kodi ya nyumba mtailipa mpaka lini. Ukurasa huo umetengwa pia ili viongozi wa vikoba wausome kwenye kikao cha kuvunja mzunguko, Novemba na Desemba, wakati watu wana hela mkononi na madalali wanalijua hilo. Vikundi vya karibu na soko vimeshaanza. Vya pembezoni, ambako ndiko viwanja vinakouzwa, bado hatujavifikia.